Kupanga bidhaa za data za setilaiti kuhusu uchafuzi wa hewa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale waliopewa kazi ya kugeuza vipimo vya setilaiti kuwa kitu ambacho mtu mwingine atakitumia: ramani, jedwali, faili la kila mwezi au tahadhari ya kila asubuhi. Maswali ni yale yanayorudi kila mradi mpya unapoanza. Mengine yamejibiwa kwa mistari michache kwa kuwa hayahitaji zaidi. Mengine yamechukua nafasi kwa sababu hapo ndipo watu hukwama.

Tunaposema "bidhaa ya data" tunamaanisha nini?

Kinachoshuka kutoka kwenye setilaiti si ramani wala si kiasi cha moshi. Ni mwanga uliogeuzwa kuwa namba. Jua linaangaza, ardhi na hewa vinaakisi, kihisi kinaupokea mwanga huo na kuuchambua rangi kwa rangi kama upinde wa mvua, kisha kinatuma hesabu chini. Kila gesi hunyonya rangi zake yenyewe, kwa hiyo kwa kutazama rangi zilizofifia tunakadiria mwanga ulipita kwenye gesi kiasi gani.

Kati ya hesabu hizo na mtumiaji kuna ngazi ambazo mashirika mengi ya anga huzifuata. Ngazi ya 0 ni data ghafi. Ngazi ya 1 ni mwanga uliokwisha kusahihishwa na kupewa mahali pake duniani. Ngazi ya 2 ni kiasi cha gesi kwa kila pikseli, kufuata njia ya setilaiti kama ilivyopita. Ngazi ya 3 ni vipimo hivyo vikiwa vimepangwa kwenye gridi isiyobadilika, mara nyingi kwa wastani wa siku, mwezi au mwaka. Ngazi ya 4 ni pale vipimo vinapochanganywa na modeli (hesabu za kompyuta zinazoigiza hewa) ili kujibu swali ambalo setilaiti peke yake haiwezi kulijibu, kwa mfano kiasi cha chembechembe laini (PM2.5) kwenye usawa wa pua.

Bidhaa ni faili la ngazi mojawapo pamoja na ahadi zake: litatoka lini, linafunika wapi, lina kosa kiasi gani, na litaendelea kutolewa kwa muda gani. Kupanga bidhaa ni kupanga ahadi hizo. Kuandika programu ndiyo sehemu rahisi.

Tuanze na setilaiti ipi?

Msianze na setilaiti. Anzeni na mtu atakayelifungua faili, na mmuulize atafanya nini nalo siku hiyo hiyo. Mtafiti wa afya anayelinganisha vifo na uchafuzi wa miaka kumi na mitano hana haraka hata kidogo. Anachotaka ni mfululizo usiobadilika tabia katikati. Mtabiri wa hali ya hewa anataka data ndani ya saa chache na atavumilia dosari ndogo. Mkaguzi wa mitambo ya umeme anataka sehemu moja tu ya ramani, ila anaitaka kwa undani, pamoja na upepo wa saa ile ile.

Nimewahi kukaa kwenye kikao ambacho watu hawa watatu waliandikwa kwenye mstari mmoja kama "watumiaji", na bidhaa moja ikapangwa kuwahudumia wote. Ilichelewa mno kwa mtabiri, ilibadilika mno kwa mtafiti, na kwa mkaguzi ilikuwa na pikseli kubwa mno. Ni afadhali bidhaa mbili ndogo zenye wenyewe kuliko moja isiyo na mwenyewe.

Setilaiti inaona uchafuzi wa aina gani?

Naitrojeni dioksaidi (NO2) ndiyo inayoonekana vizuri kuliko zote. Hutoka kwenye injini, mitambo ya umeme na mioto, na hudumu hewani kwa saa chache tu, ndiyo maana kwenye ramani inabaki karibu na chanzo chake. Kaboni monoksaidi hudumu wiki hadi miezi, hivyo moshi wa nyika zinazoungua unaweza kufuatiliwa ukivuka bahari. Salfa dioksaidi huonekana wazi kwenye volkano na kwenye mitambo mikubwa ya makaa ya mawe au ya kuyeyusha madini. Kwenye miji ya kawaida mara nyingi hupotea katika kelele za kipimo, yaani kuyumba kwa namba kusikotokana na gesi yenyewe. Fomaldehaidi huonekana pia, lakini inahitaji wastani wa siku nyingi.

Ozoni ina mtego wake. Setilaiti huipima vizuri sana, ila sehemu kubwa ya ozoni hiyo iko juu, kwenye stratosfia, ambako ni rafiki yetu. Ile ya chini inayoumiza mapafu ni sehemu ndogo ya jumla. Mtu akiwaletea ramani ya ozoni ya setilaiti na kuiita ramani ya hewa chafu, muulizeni ni ozoni ya kimo gani.

Je, namba ya setilaiti ni hewa tunayopumua?

Hapana, na swali hili lingestahili kubandikwa mlangoni mwa kila ofisi inayotengeneza bidhaa hizi. Setilaiti hutoa safuwima: jumla ya gesi yote iliyo juu ya mita moja ya mraba ya ardhi, kuanzia chini hadi juu. Kwa NO2 tunaondoa sehemu ya stratosfia na kubaki na safuwima ya troposfia (hewa yote iliyo chini ya stratosfia), lakini hata hiyo ni kilomita kadhaa za hewa zilizokunjwa kuwa namba moja.

Chukueni pikseli moja yenye safuwima ya moli 0.00012 kwa mita ya mraba. Tuseme gesi yote imechanganyika sawasawa kwenye tabaka la chini lenye kina cha mita 1,000. Ukigawanya unapata moli 0.00000012 kwa mita ya ujazo, na kwa kuwa moli moja ya NO2 ina gramu 46, jibu ni mikrogramu 5.5 hivi kwa mita ya ujazo. Sasa tabaka likiwa na kina cha mita 500, jibu linapanda hadi 11. Likiwa mita 2,000, linashuka chini ya 3. Safuwima ni ile ile, setilaiti haijakosea popote, lakini mtu aliye chini anavuta hewa tatu tofauti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, liliweka wastani wa mwaka wa NO2 usiozidi mikrogramu 10. Kwa hiyo kina cha tabaka peke yake kinatosha kuisogeza pikseli hiyo kutoka upande mmoja wa mstari hadi mwingine.

Ndiyo maana bidhaa ya safuwima isiandikwe "ubora wa hewa" kwenye kichwa chake. Iandikwe safuwima. Kama watumiaji wanataka kiasi cha usawa wa ardhi, hiyo ni bidhaa nyingine, ya Ngazi ya 4, yenye modeli yake, vituo vyake vya ardhini vya kuilinganisha, na makosa yake.

Kuna jambo jingine la ndani zaidi. Ili kupata safuwima, programu hulazimika kukisia kwanza gesi imepangikaje kwa kimo, na kisio hilo hutoka kwenye modeli. Kihisi huona vizuri zaidi gesi iliyo juu kuliko iliyojificha chini, kwa hiyo kisio kikikosea, safuwima nayo hukosea. Ni moja ya sababu bidhaa nyingi za NO2 husoma chini kuliko hali halisi kwenye maeneo yenye uchafuzi mkali. Faili nzuri za Ngazi ya 2 hubeba jedwali la unyeti kwa kila tabaka la hewa ili mtumiaji aweze kubadilisha kisio hilo na kuweka la kwake. Mkitengeneza Ngazi ya 3 mkalitupa jedwali hilo ili faili liwe dogo, mmewafungia mlango watumiaji wenu wenye ujuzi zaidi.

Na PM2.5?

Hakuna setilaiti inayopima PM2.5. Vihisi kama MODIS, vilivyorushwa na setilaiti za Terra mwaka 1999 na Aqua mwaka 2002, na VIIRS vilivyofuata, hupima jinsi chembechembe zote za hewani zinavyozuia mwanga. Kutoka hapo hadi mikrogramu za PM2.5 lazima ujue chembechembe ziko kimo gani, zimeloa kiasi gani (unyevu huzivimbisha zikaonekana nyingi kuliko zilivyo), na ni za nini: vumbi, masizi au chumvi ya bahari. Vumbi linalopita kilomita tatu juu litaifanya ramani iwe nyekundu huku walio chini wakipumua hewa ya kawaida.

Ramani za PM2.5 za mwaka zinazotumika kwenye tafiti za afya hutengenezwa kwa kuunganisha setilaiti, modeli na vituo vya ardhini, na kwa kazi hiyo zinafaa. Kuchukua njia hiyo hiyo na kuahidi PM2.5 ya kila saa kwa kila mtaa ni jambo ambalo mimi binafsi nisingeweka sahihi yangu.

Setilaiti inapita saa ngapi, na inatuhusu nini?

Inawahusu kuliko mnavyodhani. Kihisi cha TROPOMI kwenye Sentinel-5P, kilichorushwa tarehe 13 Oktoba 2017, hupita kila mahali karibu saa saba na nusu mchana kwa saa za mahali hapo. OMI, kilichorushwa na Aura mwaka 2004, nacho ni cha mchana huo huo. Wakati huo jua kali huivunja NO2 haraka na tabaka la chini limeshapanuka. Msongamano wa magari wa asubuhi umeshapita na wa jioni haujaanza. Kwa hiyo wastani wa mwezi wa TROPOMI ni wastani wa saa saba na nusu mchana, si wastani wa siku.

Vihisi vya kizazi kipya vinavyokaa juu ya sehemu moja ya dunia vimebadilisha hali hii. GEMS cha Korea Kusini, kilichorushwa Februari 2020, hutazama Asia. TEMPO, kilichorushwa Aprili 2023, hutazama Amerika Kaskazini kila saa ya mchana. Sentinel-4, kilichorushwa Julai 2025, hutazama Ulaya na kipande cha Afrika ya Kaskazini. Sehemu kubwa ya dunia ya kusini haimo kwenye macho ya hata kimoja kati ya hivi vitatu, na wanaopanga bidhaa za huko bado wanategemea kipimo kimoja cha mchana. Usiku, hakuna hata kimoja kinachopima NO2, kwa sababu vyote vinahitaji jua.

Mawingu tuyafanyeje?

Pikseli yenye wingu zito haioni chini yake. Kila pikseli ya TROPOMI hubeba alama ya ubora kati ya 0 na 1, na kwa NO2 ya troposfia ushauri wa kawaida ni kutumia zile zilizozidi 0.75. Fuateni ushauri huo isipokuwa mna sababu ya maandishi ya kuukiuka.

Kinachosahaulika ni kwamba mkishachuja, kilichobaki ni siku za jua. Siku za jua si siku za kawaida: kemia ni nyingine, upepo ni mwingine, hata mioto ya mashamba huwashwa siku hizo. Hakuna hesabu ya kuliondoa tatizo hili kabisa. Mnachoweza kufanya ni kuweka ndani ya faili, kando ya wastani, idadi ya vipimo vilivyoingia kwenye kila kisanduku cha gridi. Wastani wa vipimo 22 na wastani wa vipimo 2 visipakwe rangi moja bila onyo. Kwenye msimu wa mvua tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kuna namba hasi kwenye data. Tuzifute?

Msizifute. Najua zinaudhi. Hakuna gesi iliyo chini ya sifuri, na mkubwa wa ofisi akiona alama ya kutoa kwenye jedwali atapiga simu. Lakini namba hasi ni kelele ya kipimo, na kelele ina pande mbili.

Tuseme sehemu safi ya bahari ina kiasi halisi cha 1, na vipimo vitano vimesoma -2, 0, 1, 3 na 3. Wastani ni 1, sawasawa na ukweli. Futa ile -2, wastani unakuwa 1.75. Umeongeza robo tatu ya uchafuzi ambao haupo, na umeuongeza mahali safi tu, kwa kuwa mahali pachafu namba hasi ni chache. Matokeo yake ramani inafifisha tofauti kati ya pasafi na pachafu, na anayekadiria gesi ya mtambo fulani kwa kuondoa hali ya pembeni anapata jibu dogo kuliko stahili.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Timu niliyokuwamo iliwahi kutoa ramani za miezi minane kabla mtumiaji mmoja hajauliza kwa nini bahari yetu ni chafu kuliko ya wenzetu. Ulikuwa mstari mmoja wa programu, uliowekwa na mtu mwenye nia njema aliyedhani anasafisha. Tangu hapo sheria yetu ni moja: namba hasi zinabaki kwenye data, na anayechora ramani ya umma ndiye anayeamua rangi ya mwisho ianzie wapi.

Gridi iwe na visanduku vya ukubwa gani?

Kila mtu anataka vidogo. Pigeni hesabu kwanza. Gridi ya dunia yenye visanduku vya nyuzi 0.05 ina visanduku 7,200 kwa 3,600, yaani karibu milioni 26. Kwa baiti nne kila kimoja, ni megabaiti 104 hivi kwa kigezo kimoja kwa siku kabla ya kubana faili. Shukeni hadi nyuzi 0.01 na visanduku vinakuwa milioni 648, gigabaiti 2.6 kwa siku. Mwaka mzima unakaribia terabaiti moja, kwa kigezo kimoja tu, na bado hamjaweka kiwango cha shaka wala idadi ya vipimo.

Mnapata nini kwa gharama hiyo? Pikseli ya TROPOMI chini kabisa ya setilaiti ilikuwa kilomita 7 kwa 3.5, na tangu Agosti 2019 ni 5.5 kwa 3.5, na pembeni mwa njia huwa kubwa zaidi. Ile ya 5.5 kwa 3.5 ni kilomita za mraba 19. Kisanduku cha nyuzi 0.01 kwenye ikweta ni kilomita ya mraba 1.2. Kwa picha ya siku moja mmegawa kipimo kimoja kwa visanduku kumi na sita hivi, na vyote vina habari ile ile.

Kuna hali moja ambapo gridi ndogo inalipa. Pikseli za kila siku hazianguki mahali pamoja, kwa hiyo mkikusanya miezi mingi na kugawa kila pikseli kwa visanduku inavyovigusa kadiri inavyovigusa, undani huanza kujitokeza: barabara kuu, bandari, mtambo mmoja kando ya mwingine. Kwa hiyo jibu langu ni la muda: visanduku vikubwa kwa bidhaa ya kila siku, vidogo kwa wastani wa mwaka.

Haraka au usahihi?

Tengenezeni njia mbili tangu mwanzo. Sentinel-5P hufanya hivyo: kuna data ya haraka inayotoka ndani ya saa tatu, kuna ya kawaida inayotoka baadaye, na kuna iliyochakatwa upya pale programu inapoboreshwa. Ile ya haraka hutegemea utabiri wa hali ya hewa kwa sababu uchambuzi kamili bado haupo. Ni nzuri kwa tahadhari, si nzuri kwa kuhesabu mwelekeo wa miaka. Majina ya faili yaonyeshe wazi ni ipi ni ipi, maana mtu akishaipakua na kuiweka kwenye folda yake, jina ndilo pekee litakalobaki.

Kwa nini mnasisitiza sana namba ya toleo?

Kwa sababu ya mambo kama yale ya 2020. Watu walikuwa wakilinganisha NO2 ya wakati wa vizuizi vya korona na ya mwaka uliotangulia, na ramani zile zilizunguka dunia nzima. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo programu ya NO2 ya TROPOMI ilipanda kwenda toleo la 1.4, lililobadilisha namna ya kukadiria kimo cha mawingu. Mabadiliko yalikuwa ya haki kabisa, lakini yalipandisha safuwima kwenye sehemu zenye uchafuzi, hasa majira ya baridi. Aliyelinganisha Desemba 2020 na Desemba 2019 bila kuangalia toleo alikuwa analinganisha programu mbili, si hewa mbili. Baadaye mfululizo wote tangu 2018 ulichakatwa upya kwa toleo la 2.4, na pengo hilo likazibika kwa wale waliopakua upya.

Katika mpango wenu jibuni mambo haya kabla ya faili la kwanza kutoka: toleo jipya likija, mtachakata upya miaka yote ya nyuma au mtaendelea mbele tu? Nani analipa muda wa seva? Mtumiaji atajuaje? Kama hamna uwezo wa kuchakata upya, si aibu, ila kila faili libebe ndani yake namba ya toleo la data mama na namba ya toleo la programu yenu wenyewe. Hizo ni namba mbili, na watu wengi huweka moja.

Faili ziwe za aina gani?

NetCDF kwa wanasayansi, zikifuata kanuni za CF (utaratibu wa pamoja wa kuandika maelezo ndani ya faili) ili programu zao zitambue vipimo, mahali na wakati bila kuuliza. GeoTIFF kwa wenye programu za ramani. Jedwali la CSV kwa wenye kutaka namba ya wilaya moja, na hao ni wengi kuliko wanavyojitokeza. Kipimo cha safuwima kiandikwe kwa moli kwa mita ya mraba, pamoja na namba ya kubadilisha kwenda molekuli kwa sentimita ya mraba, ambayo ni 6.022 mara 10 kwa kipeo cha 19. Nusu ya maswali ya watumiaji wapya huishia hapo.

Tutajuaje kwamba bidhaa yetu ni sahihi?

Linganisheni na vipimo vya ardhini vinavyotazama juu, si vile vinavyonusa hewa ya barabarani peke yake. Vifaa vya Pandora hutazama jua na kupima safuwima ya NO2, yaani kitu kile kile ambacho setilaiti inakipima. Kwa chembechembe, mtandao wa AERONET hufanya kazi hiyo hiyo. Kituo cha kawaida cha kando ya barabara kinafaa pia, lakini msishangae kikitofautiana na pikseli ya kilomita za mraba 19: kimoja kiko nyuma ya bomba la basi, kingine kimechanganya basi, bustani na ziwa.

Andikeni matokeo ya ulinganisho hata yakiwa mabaya. Mtumiaji akijua kwamba mnasoma chini kwa theluthi moja kwenye miji mikubwa, atajua la kufanya. Asipojua, atagundua mwenyewe, na hatarudi.

Setilaiti yenyewe haijarushwa. Tunaweza kupanga nini?

Karibu kila kitu. Timu za vihisi vipya hutengeneza data ya kuigiza: wanachukua modeli ya hewa, wanapiga hesabu ya mwanga ambao kihisi kingeuona, na kutoa faili zenye umbo lile lile la faili halisi zitakazokuja. TEMPO ilikuwa na programu ya watumiaji wa awali walioanza kujaribu data ya namna hiyo kabla ya kurushwa, na mradi wa MAIA wa NASA na shirika la anga la Italia, unaolenga chembechembe na afya kwenye miji iliyochaguliwa, umefanya hivyo hivyo. Faida yake ni kwamba malalamiko kuhusu umbo la faili hufika mapema, wakati bado yanasikilizika.

Onyo dogo: data ya kuigiza haina siku za hitilafu. Ongezeni wenyewe faili lililokatika katikati, siku isiyo na data kabisa, na mistari iliyokufa. OMI kilipata tatizo la namna hiyo mwaka 2007, baadhi ya mistari ya kipimo ikaanza kuzibwa, na waliokuwa na programu isiyojua kuruka mistari walipata michirizi kwenye ramani zao.

Data hii ni bure?

Ya Copernicus, mpango wa Ulaya wenye setilaiti za Sentinel, na ya NASA ni ya wazi na haina malipo. Gharama yenu ni hifadhi, muda wa seva na watu, hasa mtu mmoja wa kujibu barua za watumiaji. Huyo husahaulika kwenye bajeti kila mara, halafu kazi yake inaangukia kwa aliyeandika programu, saa za usiku.

Rangi za ramani zina umuhimu?

Zina. Msibadilishe kipimo cha rangi mwezi hadi mwezi. Kikijirekebisha chenyewe, mwezi safi na mwezi mchafu vitafanana, na hakuna atakayesoma namba ndogo za pembeni.

Setilaiti ikifa, mfululizo wetu unakufa nayo?

Panga kana kwamba jibu ni ndiyo, kisha tafuta njia. GOME kilianza mwaka 1995, kikafuatwa na SCIAMACHY mwaka 2002, vihisi vya GOME-2 kuanzia 2006, OMI, kisha TROPOMI. Kila kimoja kina pikseli yake na saa yake. Hata kabla ya kufa, setilaiti huzeeka: Terra na Aqua zimeacha kushikilia saa zao za kupita, na saa hizo zinasogea mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mfululizo mrefu wa chembechembe unaweza kuonyesha mabadiliko ambayo ni ya saa na si ya hewa.

Linalokuja sasa ni gumu zaidi kwa NO2. Kihisi cha Sentinel-5, kilichorushwa Agosti 2025 kwenye setilaiti ya MetOp ya kizazi cha pili, hupita karibu saa tatu na nusu asubuhi. TROPOMI ni wa saa saba na nusu mchana. Ukiunganisha mistari yao miwili bila kusahihisha, grafu itaruka siku ya makabidhiano na kutakuwa na mtu wa kuuliza kiwanda gani kimefunguliwa. Vipindi ambavyo vihisi vyote viwili vinafanya kazi kwa pamoja ndiyo nafasi ya kupima tofauti hiyo, mahali kwa mahali na majira kwa majira. Kama mna bidhaa ya TROPOMI leo, anzeni kuhifadhi data ya asubuhi sasa hivi, hata kama hakuna anayeiomba.